Gavana Hajambo

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo, na mtu akiona inafanana na anakoishi, basi hayo ni macho yake na akayaoshe. Iliitwa Jimbo la Kusinini. Palikuwa na vita huko, wenye mashamba upande mmoja na serikali upande mwingine, wakigombania kama binadamu anaweza kuwa mali ya binadamu mwenzake au hawezi. Serikali ikashinda. Waliokuwa watumwa wakaambiwa kuanzia leo ninyi ni wananchi. Wakapiga vigelegele, wakacheza ngoma mpaka miguu ikavimba, na asubuhi yake wakaamka wakakuta mashamba yako palepale, na wenye mashamba wako palepale, wanakunywa kahawa barazani. Kipindi hicho kikapewa jina zuri, Enzi ya Ujenzi Mpya. Kitu cha kwanza kujengwa kilikuwa bango kubwa lililoandikwa UJENZI MPYA UNAENDELEA.

Hata vijiji vilijengwa upya, kwa majina. Kuna kijiji kilichoitwa Kwa Mkingie kwa sababu kila kitu ndani yake kilikuwa cha Bwana Mkingie: miwa, kisima, punda na watu. Serikali ikaona jina hilo linanuka utumwa, ikalibadilisha. Kikaitwa Uhuru Kwa Mkingie. Bwana Mkingie mwenyewe ndiye aliyekata utepe.

Hapo ndipo alipokuwa akiishi Bi. Sikudhani, mwanamke mfupi, mkavu, ambaye utumwa ulimchukulia vitu vingi lakini ulimi alibaki nao. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Tunu, wa miaka kama kumi na mmoja hivi. Siku ile ya uhuru, ngoma bado zikilia, alikwenda nyumba kubwa kumchukua mwanawe, akamkuta Bwana Mkingie amesimama mlangoni na gazeti la serikali mkononi.

Katika gazeti hilo mlikuwa na Sheria ya Uanagenzi. Ilisema hivi: kila mtoto wa mwananchi mpya, ili asije akasumbuliwa na uhuru wake, atabaki kwa bwana wake wa zamani akijifunza ufundi mpaka atimize miaka ishirini na mmoja. Ufundi aliopangiwa Tunu ulikuwa kufagia.

"Kufagia anakujua," alisema Bi. Sikudhani. "Amefagia humu ndani tangu hajaota meno ya pili."

Bwana Mkingie akatabasamu. Tangu ashindwe vita alikuwa mpole ajabu, na yule ambaye zamani alimwita "wewe" sasa alimwita Mama Tunu. "Mama Tunu," alisema, "zamani alikuwa anafagia. Sasa anasomea kufagia. Hayo ni mambo mawili tofauti. Na akifanya vizuri nitampandisha kwenye upepeaji."

Bi. Sikudhani akarudi kwake mikono mitupu. Alilia, tena si kidogo, alilia mpaka jirani wakaacha ngoma wakaja kumshika. Alipomaliza akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akauliza mtu mwenye shida katika uhuru huu anakwenda wapi. Wakamwambia anamwandikia Gavana.

*

Gavana wa Kusinini alikuwa Jemadari Ngwamizi, aliyeongoza jeshi la serikali na kushinda. Siku alipoapishwa alitangaza kwamba yeye ni sikio la wananchi, na kwamba kila mwananchi ana haki ya kumwandikia barua, na kila barua itajibiwa. Watu hawakuamini bahati yao. Mwenye punda aliyeibwa aliandika, mwenye shule isiyo na paa aliandika, aliyeahidiwa shamba akapewa kigingi cha kuonyesha mpaka wake tu naye aliandika. Kwa kuwa vita vilikuwa vimemaliza karatasi, serikali ilitoa Karatasi ya Raia, moja kwa kila barua. Mtu aliandika upande mmoja. Upande wa pili palikuwa na picha ya Gavana juu ya farasi, na kuandika juu ya Gavana au juu ya farasi lilikuwa kosa la jinai.

Sasa wengi wa wananchi hao hawakujua kusoma, kwa maana zamani kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa na adhabu. Kwa hiyo barua zote za Uhuru Kwa Mkingie ziliandikwa na Bwana Fumbwe, aliyekaa sokoni na kimeza chake karibu na wauza chumvi. Alikuwa mtu wa adabu mno. Alivaa koti hata jua likiwaka, na kabla ya kuchovya kalamu alipiga bismillahi.

Bi. Sikudhani akamweleza shida yake yote. Bwana Fumbwe akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akaanza kuandika, huku akisoma kwa sauti:

"Kwa Mheshimiwa Gavana, Jemadari Ngwamizi, mshindi wa vita, sikio la wananchi. Salamu nyingi ziruke milima na mabonde zikufikie hapo ulipo. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali nami. Je, u hali gani? Umelalaje? Umeamkaje? Kifua hakikusumbui? Na mama wa nyumbani hajambo? Na watoto? Na jamaa wote wa hapo? Na farasi wako, naye anaendeleaje?"

"Habari ya farasi ya nini?" aliuliza Bi. Sikudhani.

"Yuko kwenye picha, Bi. Sikudhani. Ukimsalimu mpanda ukamwacha farasi, utasemaje ukiulizwa?"

Mwandiko wa Bwana Fumbwe ulikuwa mkubwa na wenye mapambo, kwa heshima ya anayeandikiwa. Alipomaliza kusalimu, palibaki nafasi ya vidole viwili. Akaandika hapo: "Nina shida kidogo. Wako mtiifu, Sikudhani." Akapuliza wino ukauke.

Jibu lilikuja, na hilo lazima tuipe serikali sifa yake. Lilikuwa karatasi nene yenye muhuri mwekundu, limechapwa vizuri: "Mheshimiwa Gavana amezipokea salamu zako kwa furaha kubwa. Gavana hajambo. Ujenzi Mpya unaendelea."

"Na Tunu?" aliuliza Bi. Sikudhani.

Bwana Fumbwe akaipindua karatasi, akaipindua tena. "Tunu hakutajwa," alikiri. "Lakini muhuri huu umekolea, tazama. Wengine wanapewa uliopauka."

Wakaandika ya pili. Wakamwondoa farasi, wakapata mstari mzima, Bwana Fumbwe akaandika, "Shida yenyewe ni ya mtoto." Gavana akajibu kwamba hajambo. Katika ya tatu, baada ya mabishano makali yaliyowakusanya wauza chumvi wote, wakawaondoa jamaa wa hapo nyumbani, wakaandika kwamba mtoto anaitwa Tunu. Gavana akajibu kwamba hajambo.

"Bwana Fumbwe," alisema Bi. Sikudhani, "kwa mwendo huu mwanangu atakuwa bibi kizee kabla hatujamaliza kumsalimu huyu mtu."

"Barua bila salamu," alisema Bwana Fumbwe, "ni kama kumwingilia mtu chumbani bila hodi. Mimi siandiki barua ya namna hiyo. Nina watoto."

"Mimi nami ninaye," alisema Bi. Sikudhani, akaondoka.

*

Yaliyokuwa yakitendeka mjini Makaoni, kwenye ikulu yenyewe, Bi. Sikudhani alikuja kuyasikia baadaye kwa mpishi, na wapishi wa ikulu wanasikia mengi.

Barua zote zilifikia Idara ya Barua za Wananchi, chini ya Mkurugenzi aitwaye Bwana Kasiba, mtu mnene mwenye sauti tamu, ambaye hakuwahi kumpelekea mkubwa habari mbaya maishani mwake na hakuwa na nia ya kuanza. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Salamu zilisomwa na Idara. Kilichobaki baada ya salamu kilipelekwa kwenye idara inayohusika, na kwa kuwa idara zinazohusika zilikuwa hazijajengwa, kilipelekwa stoo kusubiri Ujenzi Mpya.

Kila asubuhi, Gavana akinywa uji, Bwana Kasiba alimsomea salamu. Sasa lazima mjue jambo moja kuhusu Jemadari Ngwamizi. Alikuwa yatima, alilelewa kambini, alikulia kambini, na maisha yake yote alipokea amri na kutoa amri. Hakuna mtu aliyewahi kumwandikia barua ya kumjulia hali. Mkewe mwenyewe alimwandikia orodha ya vitu vya kununua. Kwa hiyo siku za mwanzo salamu zile zilimgusa mno, akawa anatoka mezani macho yakiwa mekundu. Baadaye akaanza kuacha uji.

"Kasiba," alisema siku moja, "hawa watu wamesikia nini?"

"Kuhusu nini, Mheshimiwa?"

"Kuhusu afya yangu. Jana watu wa Mtomondo, leo watu wa Ubenani. Hawa hata hawajuani. Wote wazima, wote wana hofu na mimi. Huyu hapa anauliza habari za kifua. Kwa nini kifua?"

Hapo Bwana Kasiba angeweza kumwambia kwamba ndivyo watu wanavyoandikiana barua, tangu enzi za mababu, hata mtu akimwandikia mdai wake. Lakini kumwambia Gavana kwamba amekosea kulihitaji kibali cha Gavana. "Wananchi wa Kusinini wana macho makali, Mheshimiwa," alisema.

Gavana akajishika kifua. Adhuhuri kikaanza kumbana. Jioni akapanda kitandani na hakushuka.

Madaktari wakaitwa kutoka kila pembe ya jimbo. Mmoja akatazama ulimi, mwingine akagonga magoti, wa tatu akanusa mto. Hawakuona kitu, wakaandika kwamba huo ni ugonjwa mjanja unaojificha ukiona daktari. Gavana akafurahi kwamba hatimaye kuna watu wanaosema ukweli, akaanzisha kwa ajili yao Nishani ya Afya Njema. Ilikuwa ya dhahabu, kubwa kama kisosi, na sheria yake ilitangazwa jimbo zima: mwenye kuivaa hasimamishwi, haulizwi wala hapekuliwi na mtu yeyote mwenye sare, bali hupigiwa saluti. Tangu siku hiyo madaktari wakawa wanapitisha mikokoteni ya sukari kwenye kizuizi cha ushuru, na askari wanawapigia saluti wao na sukari.

Ili mgonjwa apumzike, kazi zote zenye nyundo zilisimamishwa. Daraja likaachwa nusu, likiangalia ng'ambo. Mabango yakabadilishwa, yakaandikwa UJENZI MPYA UNAENDELEA KIMYAKIMYA. Kisha serikali ikatoa tangazo kwamba Gavana anaumwa. Mnaweza kudhani wenyewe kilichofuata. Watu wa Kusinini si washenzi. Waliandika wote, hata wasio na shida, kumjulia hali. Mikokoteni ya barua ikawa inaingia ikulu kutwa, Bwana Kasiba akisoma, na Gavana akizidi kudidimia kwenye mto.

Mtu mmoja tu barua yake iliwahi kujibiwa yote, nayo ilikuwa ya Bwana Mkingie. Alikuwa amepigana vita upande wa pili na alihitaji msamaha, lakini kwa malezi yake mema aliandika salamu tupu, hakuomba kitu. Msamaha akapewa pamoja na jibu. Gavana alipougua, yeye ndiye aliyeteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Jimbo ya Kumwombea Gavana, na akatakiwa kuhamia Makaoni yeye na watumishi wake wote.

Mpaka wakati huo Bi. Sikudhani alikuwa akimwona mwanawe Ijumaa, juu ya ua wa michongoma, wakaongea maneno mawili matatu kabla Tunu hajaitwa. Ijumaa moja akakuta ua umefungwa na nyumba kimya. Mlinzi akamwambia bwana amehamia mjini, na mtoto amekwenda naye. Amefaulu kufagia, sasa yuko kwenye upepeaji. Bi. Sikudhani alibaki ameshika michongoma mpaka viganja vikatoka damu, na hakuvisikia.

*

Ile shule isiyo na paa ilikuwa na mwalimu mmoja, msichana kutoka kaskazini aitwaye Mwalimu Raisa, aliyefundisha yeyote aliyekaa chini. Alasiri walikaa humo mabibi na wajukuu zao kwenye mkeka mmoja, wanaimba a, e, i, o, u. Bi. Sikudhani alikuwa ameanza kwenda tangu jibu la pili la Gavana. Sasa akaenda kila siku, na kila siku alimuuliza mwalimu herufi anazozitaka yeye, si zile zilizoko ubaoni. Alitaka T. Alitaka M. Mwalimu Raisa akamwuliza kwa nini anaruka. Akasema hana haja na zote.

Siku aliyokuwa tayari alichukua Karatasi ya Raia, akaketi kwenye kimeza cha Bwana Fumbwe bila kuomba, akachovya kalamu yake, na akaandika mwenyewe, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo:

"Gavana. Mwanangu Tunu yuko kwa Mkingie. Kufagia anajua. Namtaka. Sikudhani."

Bwana Fumbwe akasoma. Akaivua kofia yake, akaivaa tena.

"Bi. Sikudhani, hukumsalimu."

"Nimemsalimu barua tatu. Yeye ameniuliza hali yangu mara ngapi?"

"Watakufunga."

"Wapi?"

"Watakupeleka Makaoni, kwenye gereza kubwa."

"Makaoni ndiko aliko mwanangu," alisema Bi. Sikudhani, akaikunja barua.

*

Karani aliyeifungua kule Idarani alidhani imechanika. Akaipeleka kwa mwenzake, mwenzake akaipeleka kwa mkubwa wao, mpaka ikafika kwa Bwana Kasiba. Bwana Kasiba akatafuta salamu. Hazikuwapo juu, hazikuwapo chini, akaipindua akamkuta Gavana na farasi, akaipindua tena, akaiinua dirishani aone kama zimeandikwa kwa maji ya ndimu. Jasho likaanza kumtoka. Barua yenye salamu inasomwa, barua isiyo na salamu haina mahali pa kuanzia kusomwa. Lakini kumficha Gavana barua lilikuwa kosa, na makarani wote walikuwa wamekwisha iona.

Akaingia nayo chumbani kwa mgonjwa.

"Gavana," alisoma, akanyamaza.

"Endelea."

"Salamu zimekwisha, Mheshimiwa."

Gavana akafungua jicho moja. "Hakuuliza hali yangu?"

"Hakuuliza."

"Wala kifua?"

"Wala kifua, Mheshimiwa."

"Hofu? Mashaka?"

Bwana Kasiba akaangalia tena, maana alikuwa mtu makini. "Hana hata kidogo."

Gavana akaketi. Akajipapasa kifua, akavuta pumzi, akavuta nyingine ndefu zaidi. Akasema jimbo zima lenye watu lukuki linamlilia yu hai, na katika wote hao yupo mmoja tu anayejua kwamba yeye ni mzima. Kisha akaomba chai na chapati, akala chapati zote, akadai nyingine. "Mtu huyu aletwe," alisema huku anatafuna. "Apewe nishani."

Bwana Kasiba akauliza, kwa sauti yake tamu, kama angesoma na yale mengine yaliyobaki kwenye barua.

"Mengine ya nini?" alisema Gavana. "Nimekwisha pona."

*

Askari walipofika Uhuru Kwa Mkingie kumchukua, soko zima lilisimama. Bwana Fumbwe alifunika uso kwa koti. Bi. Sikudhani aliomba dakika aingie ndani, akajifunga kanga yake nzuri, akatoka na kifurushi kidogo. Ndani yake mlikuwa na gauni la Tunu alilolishona kwa kukisia urefu, kwa vile hakujua mtoto amekua kiasi gani. Alijua anakwenda gerezani au anakwenda kwa mwanawe, na kote huko ni Makaoni.

Hakupelekwa gerezani. Alipelekwa kwenye ukumbi wenye mazulia, akasimamishwa juu ya jukwaa, na Bwana Kasiba akatoa hotuba.

"Mheshimiwa Gavana, waheshimiwa madaktari, Kamati ya Kumwombea, mabibi na mabwana," alisema. "Wakati ambapo sisi sote tulikuwa tumezama katika bahari ya hofu, mama huyu, kwa uzalendo usiopimika, hakuhofu. Wakati sisi tulipouliza, yeye hakuuliza. Historia ya Ujenzi Mpya itakapoandikwa, kutouliza kwake kutasimama kama nguzo."

Makofi yakapigwa. Gavana, mashavu yamerudi, akashuka kitini akambandika nishani juu ya kanga. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, na sauti ilitetemeka kwelikweli, "katika jimbo langu lote ni wewe tu usiyejali afya yangu."

"Ni kweli, Mheshimiwa," alijibu Bi. Sikudhani, maana alikuwa hasemi uongo. "Sasa, ile barua yangu. Mwanangu Tunu yuko—"

Bendi ikapiga. Bwana Kasiba akamshika kiwiko kwa upole. "Mama, kwenye ratiba hapa unatakiwa kulia kwa furaha," alimnong'oneza. "Maombi yanaletwa kwa barua."

Barua yenyewe ilikuwa imetundikwa ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu yenye kioo. Wageni walipanga foleni kuitazama. Walitazama mahali ambapo salamu hazikuwapo, wakatikisa vichwa kwa mshangao, wakapisha wengine. Yaliyokuwapo hakuna aliyeyasoma. Bwana Mkingie, Mwenyekiti wa Kamati, alisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko wote, mikono nyuma, uso wake umbali wa shubiri moja kutoka kwenye jina lake mwenyewe. "Mwandiko una nguvu," alisema.

Na nyuma yake, akiwa na upepeo mkubwa wa manyoya ya mbuni, alisimama Tunu, anapepea.

Alikuwa amekua. Amekuwa mrefu, amekonda, na macho ameyashusha chini namna wanavyofundishwa kwenye upepeaji. Bi. Sikudhani akasahau Gavana, akasahau bendi, akashuka jukwaani. 

"Tunu," alisema.

Mtoto akainua macho. Upepeo ukasimama hewani.

Bi. Sikudhani akauchukua mkononi mwa mtoto, akamgeukia Bwana Mkingie na kumkabidhi. "Shika," alisema. "Amehitimu."

Akamshika mwanawe mkono, wakaanza kutembea kuelekea mlangoni. Bwana Mkingie, upepeo umemkaa mkononi hajui auweke wapi, akawaita walinzi. Walinzi wakaja mbio, wanne, na bunduki zao. Wakafika mbele ya Bi. Sikudhani, wakaiona nishani, wakakauka. Mmoja akamtazama mwenzake. Kisha wote wanne wakabana visigino na kupiga saluti. Na saluti ya Kusinini ina sheria yake, haishushwi mpaka anayepigiwa apite.

Akapita. Mlango wa ndani wakapiga saluti, mlango wa nje wakapiga saluti, na kwenye geti kuu askari mmoja mgeni kazini alimpigia saluti Tunu vilevile, kwa usalama. Kule ukumbini Bwana Mkingie alikuwa amemkimbilia Gavana. Lakini alikuwa mtu wa malezi mema, hakuweza kuanza na shida. "Mheshimiwa," alisema, "habari za afya? Kifua nacho kinaendeleaje?" Gavana akabadilika rangi, akampa mgongo. Bwana Kasiba akamwambia Bwana Mkingie kwamba malalamiko yanaletwa kwa barua.

Akaandika. Alieleza vizuri sana, wanasema, alichukua Karatasi ya Raia akaijaza mpaka pembeni, akimsalimu Gavana, na mama wa nyumbani, na watoto, na farasi. Jibu lilimfikia kwa wakati, lenye muhuri mwekundu. Gavana hajambo. Ujenzi Mpya unaendelea.

*

Bi. Sikudhani hakurudi Uhuru Kwa Mkingie. Yeye na Tunu walipanga chumba Mtomondo, karibu na shule nyingine ambayo nayo haina paa. Lile gauni lilikuwa fupi, akaliongezea kipande cha kanga chini. Mwezi wa kwanza Tunu alikuwa akiamka alfajiri anafagia kabla hajaambiwa, na mama yake akawa anamnyang'anya ufagio, anamrudisha kulala. Kisha mama mwenyewe alikuwa akifagia, analia, anafagia.

Asubuhi moja mtu akabisha hodi. Alikuwa mwanamke kutoka shamba la ng'ambo ya mto, amefunga kitambaa cheusi, ana vumbi la safari mpaka kwenye kope. Hakumsalimu. Alisema, "Mwanangu yuko kwa Bwana Shekuwe. Anasomea kufua."

Bi. Sikudhani akamtazama. Akaingia ndani, akatoka na nishani, akambandika kifuani.

"Tembea katikati ya barabara," alimwambia. "Usimsemeshe mtu. Na ukifika kwa askari, usisimame mpaka umeshika mkono wa mtoto."

Nishani ilirudi baada ya siku tatu, na yule mama alikuja nayo pamoja na wavulana wawili, maana aliona si vizuri kumwacha wa jirani. Ikaondoka tena siku hiyohiyo na mwanamke mwingine. Hadi leo sheria ile ya nishani haijafutwa, kwa kuwa Idara ya Kufuta Sheria haijajengwa. Wenye mashamba wa Kusinini wanaandika kwa Gavana kwa wingi kuliko wakati wowote, nao ni watu wenye adabu, wanamuuliza amelalaje na ameamkaje, na nasikia ameanza tena kujishika kifua.

Dhahabu imebanduka pembeni na pini imepinda kwa kuvaliwa na kuvuliwa. Bi. Sikudhani huinyoosha kwa meno, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akawatazama kina mama waliokaa wamejipanga ukutani mwa nyumba yake.

"Haya," husema. "Nani anafuata?"